Nyumba na Dola: Mahusiano, Utawala na Utu katika Vitabu vya Kiswahili



1. Utangulizi

Katika maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey, vitabu vya ndoa na familia huwekwa chini ya namba 306, vitabu vya siasa chini ya namba 320, na vile vinavyouliza mwanadamu ni nani huwekwa chini ya namba 128, miongoni mwa vitabu vya falsafa. Fasihi ya Kiswahili ina rafu yake mbali na hizo zote, chini ya namba 896.392. Mpangilio huo humrahisishia mkutubi kazi, lakini humpotosha mtafiti. Mwanafunzi anayetafuta falsafa ya siasa iliyoandikwa kwa Kiswahili huenda moja kwa moja kwenye rafu ya siasa, akakuta hotuba, maazimio na ilani za uchaguzi, kisha akarudi na hukumu kwamba fikra za Waswahili kuhusu dola ni chache na ni za juzi. Tendi, hikaya na riwaya hazihesabu kuwa ushahidi, kwa kuwa hazikuwekwa mahali alipozitafuta.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba hukumu hiyo si sahihi. Hoja yake ni moja. Katika vitabu vikuu vya Kiswahili, maswali matatu ambayo maktaba imeyatenganisha ni swali moja: watu waishije pamoja nyumbani, watawaliweje, na mtu hasa ni nani. Waandishi wa Kiswahili wameijadili dola kwa kuitazama nyumba, na wameipima nyumba kwa kipimo cha utu. Aidha, mhadhara unadai kwamba falsafa yoyote inayoichukua nyumba kuwa kielelezo cha nchi hubeba pamoja nayo dhuluma za nyumba hiyo, kama haikuzichunguza kwanza. Hilo ndilo jaribio ambalo kila kitabu kitakachotajwa hapa kinapaswa kulipita.

Wazo la kuihusisha nyumba na dola si la Waswahili peke yao. Aristotle aliianza Siasa yake kwa kuichambua nyumba: bwana na mtumwa, mume na mke, baba na watoto. Plato naye, katika Jamhuri, aliutafuta uadilifu wa mtu mmoja kwa kuutazama mji mzima. Kinachotofautisha vitabu vya Kiswahili ni namna ya kulijadili wazo hilo. Hapa mjadala haukufanywa katika risala za wanafalsafa waliojiita hivyo. Ulifanywa katika wosia wa mama kwa binti yake, katika kesi ya nchi ya kubuni, na katika kisa cha msichana wa Ukerewe.

2. Mtu, Utu na Siasa katika Lugha

Kabla ya kuvifikia vitabu, inafaa kuitazama lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno mawili makuu ya kumtaja kiumbe huyu. La kwanza ni binadamu, lililotoka katika Kiarabu likiwa na maana ya wana wa Adamu. Neno hilo hutaja asili, jambo ambalo kila mmoja hulipata kwa kuzaliwa tu. La pili ni mtu, neno la Kibantu, ambalo shina lake hupokea viambishi mbalimbali na kuzaa dhana tofauti: mtu, kitu, utu. Ni kweli kwamba ubinadamu nao hutumika kwa maana ya huruma, lakini mara nyingi hutajwa pale udhaifu unapotolewa udhuru. Utu haujapata kutumika hivyo.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kusema kwamba fulani hana utu pasipo kukana kuwa fulani ni binadamu. Kauli hiyo ni hukumu inayotolewa kwa kuangalia jinsi mtu huyo anavyomtendea mkewe, jirani yake, mfanyakazi wake au mgeni aliyebisha hodi. Kwa mantiki hiyo, utu si mali ambayo mtu huwa nayo akiwa peke yake. Hupatikana katika mahusiano, na humo humo hupotea.

Maneno ya utawala nayo yana historia ya kuzingatiwa. Neno siasa, ambalo leo humfikirisha msikilizaji vyama na kura, katika kamusi za zamani lilikuwa pia na maana ya upole na busara ya kutenda jambo kwa utaratibu. Mtu aliweza kuagizwa afanye kazi kwa siasa, yaani taratibu na kwa uangalifu. Neno jamaa lilitaja ndugu na watu wa ukoo mmoja, na ujamaa ulikuwa udugu kabla ya kuwa itikadi ya taifa. Ni dhahiri, basi, kwamba njia kutoka nyumbani hadi serikalini ilikwisha kuwamo katika lugha kabla ya mwanasiasa yeyote kuipita.

3. Nyumba ya Siu

Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wa wosia kwa binti yake, Mwana Hashima. Mtunzi alikuwa mgonjwa, na alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu katika kisiwa cha Pate, aliyejulikana kwa kuupinga utawala wa Sayyid Said wa Zanzibar. Habari hii ya nasaba si pambo. Nyumba inayozungumzwa katika utendi ule ilikuwa nyumba ya mtawala aliyekuwa vitani, na binti aliyeusiwa alikuwa mtoto wa siasa kabla hajawa mke wa mtu.

Kwa juu juu, utendi huo unahimiza utii. Binti anaambiwa kwamba yuko chini ya radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume. Anafundishwa usafi wa nyumba na wa mwili, ukweli wa ulimi, adabu mbele za watu na wema kwa jamaa na wahitaji. Kwa sababu hiyo, wapo wasomaji waliouchukulia kuwa hati ya kumfunga mwanamke. Wapo wengine walioona ndani yake kejeli ya chini chini, hasa pale mume anapofananishwa na mtoto mdogo ambaye bado hajajaliwa kutamka, anayehitaji kuangaliwa katika kila jambo. Anayetunzwa hivyo anatawala kwa jina. Anayemtunza ndiye anayejua mambo yanakwendaje.

Mhadhara huu hauoni haja ya kuchagua usomaji mmoja na kuutupa mwingine. Utendi wa Mwana Kupona ni somo la utawala lililotolewa na mtu ambaye hakuwa na cheo cha kutawala. Binti anafundishwa namna ya kuishi chini ya mwenye nguvu bila kuipoteza heshima yake: kuusoma moyo wake, kuchagua wakati wa kusema, kuvuta wengine kwa hisani. Maarifa hayo hayatofautiani sana na yale ambayo waziri huyahitaji mbele ya mfalme, na hapa ile maana ya zamani ya siasa, upole wenye akili, inatimia.

Hata hivyo, nyumba ya Siu ilikuwa na watu wengine ambao wosia haukuwaelekea. Binti anaonywa asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Katika mstari wa mafunzo ya adabu, tena bila ukali wowote, mpaka wa utu unachorwa katikati ya ua. Ndani ya mpaka huo kuna huruma tele kwa ndugu na maskini. Nje yake kuna watu wanaopika chakula ambacho huruma hiyo hukigawa. Msomaji wa leo hawezi kuusifu utendi huu kwa hekima yake akaupita mpaka huo kimya kimya. Swali lililoachwa wazi katika ua wa Siu, kwamba utu wa nani unahesabiwa, litarudi katika kila kitabu kinachofuata.

4. Karama, Adili na Dola ya Moyo

Desturi ya wosia haikukoma pwani ya kaskazini. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliwatungia wanawe tendi mbili zilizo maarufu: Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe Hussein. Mtu huyu aliyeshika kalamu ya karani katika serikali ya kikoloni ndiye pia aliyeandika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, kitabu kinachoihoji serikali. Kwa kuwa serikali hiyo ilikuwa na masikio, nchi ya kitabu ilitundikwa angani.

Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Hajitetei kwa kukana. Kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta manufaa ya nchi, ambao kila mmoja alirudi na mashauri mema na kila mmoja akatupwa gerezani. Utetezi wa mshtakiwa unageuka kuwa mashtaka dhidi ya dola: nchi ambayo huwafunga watu iliowatuma imeogopa maarifa yake yenyewe. Mwishoni mfalme anasikia, na wafungwa wanaachiliwa.

Mwisho huo unatoa picha kamili ya falsafa ya Shaaban Robert. Mfumo haukubadilika. Kiti cha enzi kilibaki, waziri alibaki kuwa waziri. Kilichobadilika ni moyo wa mwenye mamlaka. Majina ya wahusika yanathibitisha hilo. Majivuno ni majivuno, Karama ni karama. Katika nchi za Shaaban Robert mtu ni sifa yake, na sifa hiyo humtangulia hata mahakamani. Kwa mwandishi huyu, dola mbovu ni moyo mbovu uliopewa askari.

Lakini ni kosa kudhani kwamba aliliona jambo hili kuwa rahisi. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952 kikifuata kisa cha Alfu Lela Ulela, Adili ni liwali mwema aliye na siri. Nduguze wawili, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu, wamegeuzwa manyani, na kwa amri ya jini Huria anapaswa kuwapiga mijeledi kila usiku. Mchana liwali huyu hupokea sifa za raia. Usiku huwachapa ndugu zake kwa majonzi. Mfalme Rai anapoigundua siri hiyo, hatafuti adhabu nyingine. Anatafuta msamaha, na hatimaye wale manyani wanarudi kuwa watu.

Hapa swali la utawala na swali la tabia ya mwanadamu yamefumwa katika uzi mmoja. Je, mkosaji hurudishiwa utu wake kwa kipigo? Mijeledi ya miaka haikumbadili Hasidi wala Mwivu; ilimtesa mpigaji pia. Kuandika hivyo katika enzi ambayo kiboko kilikuwa chombo halali cha serikali, cha shule na cha nyumba, hakukuwa jambo dogo. Shaaban Robert alishika imani kwamba mtu anaweza kurudi. Kile ambacho hakukihoji kwa ukali huo ni mpangilio wa nyumba yenyewe: binti alipewa hati yake na mwana akapewa adili lake, na mipaka kati ya wosia hizo mbili ilibaki pale ilipokuwa.

5. Jamaa Inapokuwa Taifa

Miezi michache kabla ya kifo cha Shaaban Robert, mnamo Aprili 1962, Julius Nyerere alitoa kijitabu chake kuhusu ujamaa. Nyerere alikuwa msomaji na mfasiri wa fasihi. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na ile ya Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Katika kijitabu hicho alisema kwamba ujamaa ni hali ya fikra na moyo kabla ya kuwa mpango wa uchumi, na kwamba mzizi wake ni familia ya Kiafrika, ambayo sasa ilipaswa kupanuliwa hadi kulifikia taifa, bara na wanadamu wote. Ili kuonyesha kwamba udugu huo haukuwa wa kulishana bure, alitumia methali ya Kiswahili isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kwa kijitabu hicho, njia iliyokuwa imefichika katika neno jamaa ilifunguliwa rasmi. Kile ambacho Mwana Kupona alikifanya kwa wosia na Shaaban Robert kwa hikaya kilifanywa sasa kwa sera: nchi ilitakiwa kuwa nyumba. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, Nyerere alirudi kwenye mfano huo katika Ujamaa Vijijini, mnamo Septemba mwaka huo huo. Alizitaja nguzo tatu za familia ya jadi: kuheshimiana, kushirikiana mali, na wajibu wa kila mmoja kufanya kazi.

Palepale akaongeza jambo ambalo wafuasi wake wengi walilisahau. Alikiri kwamba familia hiyo ya jadi ilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ilikuwa hali ya mwanamke, ambaye alihesabiwa duni na kufanya kazi kupita sehemu yake, shambani na nyumbani. Ya pili ilikuwa umaskini. Kukiri huko kuna uzito wa pekee katika historia ya fikra za Kiswahili. Mtetezi mkuu wa kuigeuza nchi kuwa nyumba ndiye aliyesema wazi kwamba nyumba hiyo haikuwa ya haki kwa nusu ya wakazi wake.

Kasoro iliyotajwa haikuwa lazima iwe kasoro iliyotibiwa. Mwaka 1973 kuishi vijijini kulitangazwa kuwa amri, na Operesheni Vijiji ikawahamisha mamilioni ya watu kabla ya mwisho wa mwaka 1976, mahali pengi kwa nguvu. Ilidhihirika kwamba mfano wa nyumba una hatari nyingine. Baba anayempenda mtoto humchukua mkono na kumpeleka anakodhani kuna heri, wala haoni sababu ya kumuuliza. Raia akishaitwa mtoto, hiari yake hugeuka kuwa utundu.

6. Baba Mkali na Mkuu wa Wilaya

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, ndiye mwandishi aliyekataa kuipokea nyumba kama ilivyosifiwa. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitoka mwaka 1971 na kwa muda ikapigwa marufuku shuleni. Sababu iliyotajwa zaidi ilikuwa lugha ya mapenzi na tendo la kutoa mimba. Usomaji makini unaonyesha kwamba jambo lililochoma zaidi lilikuwa jingine. Zakaria, babake Rosa, ni mlevi anayempiga mkewe Regina, na anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Anailinda heshima ya nyumba kwa mkono ule ule anaoibomoa nao. Rosa aliyelelewa kwa kuzuiwa, bila kuelezwa sababu, anaufikia uhuru wa shule na chuo kama mtu aliyetolewa gizani na kusimamishwa juani. Anaishia kujiua.

Kwa mtazamo wa Shaaban Robert, kisa hicho kingekuwa cha moyo wa Zakaria au cha udhaifu wa Rosa. Kezilahabi hakubali kugawa lawama kwa wepesi huo. Rosa hakuzaliwa na jina la sifa wala la ila, alitengenezwa. Msemo usemao mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, ambao kwa kawaida hutamkwa na wazazi dhidi ya watoto, katika riwaya hii unageuzwa na kuwaelekea wazazi.

Sadfa ya miaka inafaa kutajwa hapa. Mwaka huo huo wa 1971, Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo kifungu chake cha 66 kinatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Zakaria na kifungu cha 66 walifika kwa wasomaji pamoja. Lakini sheria iyo hiyo iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15, na ilichukua hadi mwaka 2016 kwa Mahakama Kuu kutamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, uamuzi uliothibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Dola ilikuwa imeingia nyumbani na kumshika baba mkono, kisha ikasita mlangoni mwa chumba cha binti. Riwaya iliyozuiwa shuleni ilikuwa imeona mbali kuliko sheria iliyopitishwa bungeni.

Riwaya zilizofuata zilipeleka hoja mbele. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto, kijana msomi, anakutana na Manase, rafiki wa zamani ambaye sasa ni mkuu wa wilaya. Manase ndiye aliyemharibia maisha Rukia, dadake Kazimoto. Mtu wa ofisini na mtu aliyeiumiza nyumba ni mmoja, na hakuna mahakama ya angani ya kumsikiliza mlalamikaji. Kilichopo ni benchi la kusubiri nje ya ofisi. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini, aliyewahi kuutapanya urithi wake, anageuka mkulima tajiri, na siasa mpya inapoifikia ardhi yake anamuua mkuu wa wilaya na kuhukumiwa kunyongwa. Katika Gamba la Nyoka (1979), wanakijiji wanahamishwa kwa nguvu, na wasomi waliorudi na maneno mapya wanagundua kwamba kuvua gamba si kubadilika kuwa kiumbe kingine.

Kutokana na riwaya hizi, picha ya mwanadamu ni ya giza zaidi kuliko ile ya Kusadikika, lakini si ya kukata tamaa tu. Kezilahabi, ambaye mwaka 1985 alikamilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, anawadai wanasiasa na wahubiri jambo moja: wasimjenge mtu mpya juu ya mtu wasiyemjua. Azimio halikutosha, kwa kuwa aliyelitekeleza alikuwa ametoka katika nyumba ya akina Zakaria, akachukua ufunguo wa ofisi na kuendelea kutawala kwa namna aliyoijua.

7. Nguzo Isiyosimama

Ilibaki sauti ya wale ambao kasoro ya kwanza ya Ujamaa Vijijini iliwahusu. Penina Muhando, anayejulikana pia kwa jina la Penina Mlama, aliwapa jukwaa katika tamthilia yake Nguzo Mama, iliyochapishwa mwaka 1982. Wanawake wa kijiji cha Patata wana kazi ya kuisimamisha nguzo, na hawaifaulu. Kila mmoja anaitwa kutoka kwenye kazi hiyo na shida za nyumba yake, na wenyewe kwa wenyewe hawaaminiani. Mwandishi hakuwapamba wanawake ili kuwashinda wanaume kwa wema.

Majina yao yanatoa funzo. Shaaban Robert aliwaita watu kwa sifa, akiamini kwamba mtu ni moyo wake. Kezilahabi aliwaita kwa majina ya vijiji na makanisa, akiamini kwamba mtu ni malezi na mahali pake. Muhando aliwaita wanawake wake kwa namba: Bi Pili, Bi Tatu, na kuendelea. Nyumba na kijiji vimewahesabu bila kuwajua. Hivyo, katika muda wa miaka thelathini hivi, fasihi ya Kiswahili ilitoa majibu matatu kwa swali la mtu ni nani, na jibu la tatu linawarudisha wasomaji kwenye ua wa Siu, kwa watumwa waliotajwa bila jina.

8. Hitimisho

Vitabu hivi havikubaliani, na thamani yake imo katika kutokubaliana huko. Mwana Kupona anafundisha kuishi na mamlaka kwa akili, Shaaban Robert anafundisha kuyarekebisha kwa uadilifu na msamaha, Nyerere anafundisha kuyagawa kwa udugu. Kezilahabi na Muhando wanauliza ni udugu wa nani na umejengwa mgongoni mwa nani. Wote, hata hivyo, wanashika kanuni moja: hakuna utawala wa haki unaoanzia ofisini. Anayempiga mkewe usiku hawezi kuwa mlinzi wa raia mchana, na nchi inayojiita nyumba moja itaulizwa nani anachota maji yake.

Kwa taaluma za Kiswahili, yapo mambo mawili ya kufanya. Kwanza, idara za falsafa, sayansi ya siasa na sheria zivisome vitabu hivi pamoja na idara za fasihi, kama hoja za kujibiwa, si kama vielelezo vya utamaduni. Pili, tendi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, zilizohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika SOAS mjini London na katika nyumba za watu pwani, zihaririwe na kuchapishwa kwa wingi zaidi. Miongoni mwake zimo nyosia nyingine, na katika kila wosia mna nadharia ya utawala iliyoandikwa na mtu ambaye aghalabu hakuulizwa maoni yake kuhusu dola.

Mwana Hashima aliusiwa namna ya kuipata radhi ya mume. Rosa hakuusiwa lolote, alikatazwa tu. Kati ya mabinti hao wawili imepita miaka zaidi ya mia moja, na wasomaji wanaowasoma leo wana mabinti na wana wao. Wosia watakaowaachia hao ndio utakaoonyesha kama vitabu hivi vimesomwa.